Bembezi na filamu za hali halisi: Nani anatuchagulia kinachoingia maktaba ya mtaa?

Leo usiku fanya jaribio moja dogo. Mpigie mama simu, au shosho, umuulize alikuwa akikuimbia nini ulipokuwa mtoto na usingizi umekataa kuja. Usimpe nafasi ya kufikiria sana. Atacheka, atakuuliza kama uko sawa, kisha ataimba. Pengine ni kwa Kiluhya, Kijaluo, Kikamba, Kikuyu, Kigusii au Kinubi. Pengine maneno kadhaa huyaelewi tena, lakini sauti yake utaijua mara moja.

Sasa jiulize: kesho ukitaka kumsikizisha mtoto wako wimbo huohuo, ukiwa Kibera au Kawangware, utautoa wapi? Simu itakuletea katuni za Kiingereza zenye watazamaji mabilioni. Maktabani utapata vitabu vya marudio. Shosho hayuko kwenye rafu yoyote, na hatakuwa nasi milele.

Hili linaonekana jambo dogo ukililinganisha na bei ya unga. Lakini subiri kidogo. Nairobi imekuwa ikizungumza kuhusu maktaba zake kuliko ilivyofanya kwa miaka mingi, na kila mazungumzo ya maktaba hufika mahali ambapo mtu lazima aamue: tununue nini, tuache nini? Kwa vitabu, uamuzi huo una mazoea yake. Kwa nyimbo na filamu, hasa nyimbo za watoto na filamu za hali halisi, mara nyingi tunachukua tulicholetewa na wafadhili. Hapo ndipo wewe na mimi tunapaswa kuamka.

Kwanini sasa?

Tuanze na sheria, kwa sababu watu wengi mtaani hawajui kwamba jambo hili limeandikwa. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaiambia serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa, vyombo vya habari na maktaba. Ndiyo, maktaba zimetajwa kwa jina. Kifungu hichohicho kinalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Nayo Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, linaziweka maktaba katika orodha ya kaunti. Kwa hivyo mtu akikuambia maktaba ni hisani ya shirika fulani, mwambie pole pole kwamba ni jukumu la kaunti.

Pili, kuna jengo la McMillan katikati ya jiji. Lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa takriban miongo mitatu Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwaka 2017, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk kufufua maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Safari yao ikawa filamu ya hali halisi, How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2025. Dunia imetazama Wakenya wakihangaika na swali la nini kikae kwenye rafu zilizojengwa kwa ajili ya watu wengine.

Angalia ramani lakini. Kaloleni na Makadara ni Eastlands. Huku magharibi mwa jiji hadithi ni nyingine. Kibera ina tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, ambalo liliwahi kusifiwa kwa kuingiza tableti na kuzitumia na watoto wa shule za mtaani. Hiyo ni hatua ya maana. Tableti ikishaingia, nyimbo na filamu haziko mbali tena. Kinachobaki ni nani anachagua cha kuweka ndani.

Bembezi ni nini hasa?

Kama ulifanya KCSE unakumbuka Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, sehemu ya fasihi simulizi. Bembezi, au bembea, au pembejezi: nyimbo za kubembelezea watoto walale. Ulikariri sifa zake, ukapata alama zako mbili, ukasahau. Lakini kuna sifa moja ambayo mwalimu huipitia haraka: bembezi nyingi si tamu kama zinavyosikika. Ndani yake mama analalamika kuhusu njaa, mume asiyerudi, wifi mkali, shamba lililokauka. Mtoto haelewi maneno, kwa hivyo mama yuko huru kusema. Ni nyaraka za maisha ya wanawake ambao hawakuandika kitabu.

Wanasayansi nao wameingilia. Mwaka 2018, watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ambapo wasikilizaji kutoka nchi 60 walisikizishwa vipande vya sekunde 14 vya nyimbo kutoka jamii ndogo 86 duniani. Hawakujua lugha, hawakujua wimbo unatoka wapi. Bado waliweza kutambua zipi ni za kubembelezea watoto. Utafiti mwingine wa kundi hilo ulionyesha kwamba watoto wachanga wa Marekani hutulia zaidi, hadi mapigo ya moyo kushuka, wakisikia bembezi za lugha wasizozijua kuliko nyimbo nyingine za lugha hizohizo.

Maana yake kwa mnunuzi wa maktaba ni hii: mtoto wa Laini Saba anaweza kulazwa na wimbo wa Japani, na mtoto wa Japani anaweza kulazwa na wimbo wa Laini Saba. Hakuna sababu ya kuogopa nyimbo za ulimwengu. Wimbo wa Brahms wa mwaka 1868, ule unaochezwa na karibu kila mwanasesere wa betri, una haki ya kuwa kwenye rafu. Ila haufai kuwa peke yake.

Makosa ya wimbo mmoja wa Visiwa vya Solomon

Acha nikupe kisa ambacho kila anayenunua muziki wa dunia angepaswa kukijua.

Yapata mwaka 1970, mtafiti wa muziki Hugo Zemp alimrekodi mwanamke aitwaye Afunakwa katika kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon. Alikuwa akiimba bembezi ya lugha ya Kibaegu, inayoitwa Rorogwela. Ni wimbo wa mtoto yatima anayebembelezwa na mkubwa wake, kwani wazazi hawapo tena. Rekodi hiyo ilitoka mwaka 1973 kwenye diski iliyochapishwa na UNESCO, ikakaa kimya kwenye maktaba za watafiti.

Mwaka 1992, kundi la Ufaransa liitwalo Deep Forest lilichukua sauti ya Afunakwa, likaiwekea mdundo wa dansi, likauita wimbo huo Sweet Lullaby. Ukavuma duniani, ukatumika kwenye matangazo ya biashara. Jalada na maelezo ya albamu yaliwafanya wengi waamini kwamba wanasikia watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Mwaka 1996, mwanamuziki Jan Garbarek wa Norway akaurekodi tena wimbo huo na kuuita Pygmy Lullaby, yaani bembezi ya Mbilikimo. Ilhali mwimbaji alitoka kisiwa cha bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na Kongo. Zemp alilalamika kwa maandishi. Afunakwa hakupata hata senti moja.

Tazama mahali kosa lilipoanzia. Jina la mwimbaji lilipotea, likafuata jina la lugha, kisha la nchi. Mwisho ikabaki sauti nzuri tu ya kuuza. Albamu nyingi za bembezi za dunia zinazouzwa leo zimefanywa kwa uangalifu zaidi ya hapo. Kampuni ya Putumayo ya Marekani, kwa mfano, ilitoa mkusanyiko wake wa bembezi za dunia, Dreamland, mwaka 2003, na huweka maelezo ya waimbaji na nchi zao. Kwa hivyo inawezekana. Swali la kwanza la mnunuzi wa maktaba si kama wimbo ni mtamu. Ni: nani anaimba, kwa lugha gani, kutoka wapi, na nani analipwa? Diski isiyoweza kujibu hayo maswali manne iachwe dukani.

Ya kwetu yako wapi?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa noma kidogo, kwa sababu muziki wetu mwingi wa zamani uko nje ya nchi. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, alizunguka Kenya mwaka 1950 akirekodi. Rekodi zake zikahifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954 nchini Afrika Kusini. Wimbo mmoja alioupata Kapkatet kwa wasichana wa Kikipsigis, Chemirocha, ulipata sifa ulimwenguni huku waimbaji wenyewe hawajui. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla rekodi hizo hazijarudishwa vijijini, kazi ambayo ILAM iliifanya pamoja na Tabu Osusa wa Ketebul Music, Nairobi. Baadhi ya walioimba walipatikana wakiwa hai, wazee sasa.

Hao hao Ketebul walitoa mwaka 2008 kazi iitwayo Retracing the Benga Rhythm: kitabu, diski ya muziki na filamu ya hali halisi ndani ya kifurushi kimoja. Baadaye wakaja na vifurushi vingine, kuhusu muziki wa Kikuyu na nyimbo za kupinga utawala. Ukiniuliza maktaba ya Kibera au ya Dagoretti ianze na nini, ningesema ianze na vitu kama hivyo. Ni Wakenya wakieleza Wakenya muziki wao, na mkutubi anapata kitabu, sauti na picha kwa mkupuo mmoja.

Lakini bembezi hazijapata bahati ya benga. Benga ilikuwa na studio, baa na madisko. Bembezi ilikuwa na chumba kimoja na taa ya koroboi. Fikiria Kibera yenyewe. Jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walikuwa askari wa jeshi la kikoloni, na mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilitengwa rasmi kwa ajili ya jeshi hapo walipokuwa wakiishi. Ilichukua hadi Juni 2017 ndipo jamii hiyo ilipopewa hati ya ekari 288. Kinubi ni lugha iliyozaliwa kutokana na Kiarabu cha askari wa Sudan, na wanaoizungumza Kenya ni wachache. Watoto wa Makina na Kambi Muru leo wanaongea Kiswahili na Sheng. Ekari 288 zimeandikwa kwenye karatasi. Bembezi za nyanya wa Makina hazijaandikwa popote ambapo mtoto wa mtaa anaweza kuzifikia kirahisi.

Ukienda Kawangware hali ni ileile kwa sura nyingine. Shuka 46, tembea ukielekea Congo au Gatina asubuhi mapema, utakutana na wamama wakitoka kwa miguu kwenda Lavington na Kilimani, kufua nguo na kulea watoto. Watoto wao wenyewe wanabaki kwa jirani au kwenye nyumba za kulelea watoto, chumba kimoja, mlezi mmoja, watoto wengi. Kwa hivyo kuna jambo la ajabu linaloendelea kila mchana: bembezi ya Kiluhya inamlaza mtoto wa Lavington, huku mtoto wa mwimbaji akilazwa na redio. Kama kuna mtu anayestahili kuingia maktaba na kutoka na flashi yenye nyimbo 30 nzuri, ni yule mlezi wa Gatina. Na kama kuna mtu anayestahili kulipwa kwa kurekodiwa, ni yule mama anayeenda Lavington.

Kulipwa, nasema, kwa sababu sheria iko. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni, ya mwaka 2016, inataka jamii iombwe idhini kabla nyimbo zake hazijatumiwa. Kwa hivyo ukirekodi nyanya zako na kupakia mtandaoni bila kuwauliza, hujatofautiana sana na wale Wafaransa wa 1992.

Filamu: Kibera ya nani?

Tuje kwa filamu za hali halisi. Kibera imepigwa picha kuliko mitaa mingi ya Afrika, na hapo ndipo shida ilipo. Kwa miaka mingi, kila mgeni mwenye kamera alianza na sentensi moja: hapa wanaishi watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilipohesabu ikapata watu 170,070. Unaweza kubishana na sensa, na wengi wamebishana. Lakini pengo kati ya laki moja na sabini na milioni moja si la kubishania tu. Ni dalili kwamba waliotengeneza filamu hizo walinakiliana badala ya kuuliza.

Kwa hivyo hiki ni kipimo rahisi cha kuchagua. Ukiona filamu kuhusu Kibera, isikilize dakika tano za kwanza. Je, takwimu inatoka wapi? Anayeongea ni mkazi au msimulizi wa mbali? Mkazi akiongea, anapewa jina? Anaeleza anachofanya kuhusu tatizo, au anaonyeshwa akiruka mtaro tu huku kinanda kikilia?

Na kuna kipimo cha kinyume pia. Mwaka 2009 vijana wa mtaa walianza kuchora ramani yao wenyewe kupitia mradi wa Map Kibera, kwa sababu kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa doa tupu. Mwaka uliofuata wakaanzisha Kibera News Network, wakipiga video fupi za mioto, mechi, uchaguzi na sherehe. Nyingine sauti yake ni mbaya, kamera inatikisika. Lakini baada ya miaka 50, mtu akitaka kujua Kibera ya 2010 ilikuwa inaonekanaje, atazihitaji hizo kuliko filamu yenye tuzo. Video hizo ziko YouTube, na akaunti ya YouTube inaweza kufutwa siku yoyote. Maktaba yenye diski kuu ya kuhifadhia ingezinakili kesho, kwa ruhusa ya wenyewe, kwa gharama ndogo kuliko kiti cha ofisi.

Si kwamba tufungie nje filamu kubwa. Softie ya Sam Soko, ya 2020, inamfuata Boniface Mwangi akigombea ubunge Starehe, na inaonyesha bei ambayo familia hulipa mtu akiingia siasa. The Letter ya Lekow na King, ya 2019, inaenda Pwani kwenye familia ambayo nyanya yao ameshutumiwa uchawi. Thank You for the Rain, ya 2017, ina mkulima wa Ukambani, Kisilu Musya, akijirekodi mwenyewe kupambana na ukame. Hizi tatu peke yake zingetosha kuanzisha rafu. Kijana wa Olympic akizitazama atajiona kama mtu mwenye maswali, si kama picha ya kuomba msaada.

Kuna hatari, tusijidanganye

Kuchagua filamu ya hali halisi Kenya ni kuchagua siasa, upende usipende. Septemba 2021, bodi ya filamu, KFCB, ilipiga marufuku I Am Samuel ya Peter Murimi, inayofuata maisha ya mwanamume shoga jijini Nairobi. Aprili 2025, BBC Africa Eye ilitoa Blood Parliament, kuhusu waliofyatulia risasi waandamanaji bungeni tarehe 25 Juni 2024. Maonyesho ya hadhara yaliyopangwa Nairobi yakafutwa. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa wakihusishwa nayo, ingawa BBC ilisema hawakushiriki, kisha wakaachiliwa. Filamu yenyewe ilikuwa imeshatazamwa na mamilioni kwenye simu.

Ukiwa mkutubi wa kaunti, mwenye mshahara wa serikali na mkubwa anayekupigia simu, ungefanya nini? Ni rahisi kwetu kusema aonyeshe tu. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, ya tangu enzi za ukoloni kufikia ukingoni, bado inataka filamu ipate idhini kabla ya kuonyeshwa hadharani. Mkutubi akivunja sheria peke yake atafutwa kazi, na maktaba itapata mwingine mwoga zaidi. Njia bora ni maktaba kuwa na sera iliyoandikwa, iliyojadiliwa na wakazi na kubandikwa ukutani: tunachagua hivi, kwa sababu hizi, na anayepinga ajaze fomu hii, ajibiwe kwa muda huu. Sera ya namna hiyo humlinda mkutubi. Mkubwa akipiga simu, anaonyeshwa ukuta.

Pesa, flashi na DJ Afro

Najua unachotaka kuuliza. Pesa itoke wapi, na kwanini tununue nyimbo za kulala wakati mtoto wa Gredi ya Sita hana kitabu cha hesabu?

Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Mtaani, maktaba kwanza ni kiti, taa na ukimya. Wanafunzi wengi huenda huko kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja chenye watu sita na televisheni ya jirani. Mkutubi akigeuza ukumbi wa kusomea kuwa sinema, wanafunzi watapoteza mahali pekee walipo nako. Kwa hivyo tuseme wazi: kama chaguo ni kati ya kiti na filamu, kiti kishinde.

Ila mara nyingi hilo si chaguo halisi. Muziki unahitaji vipokea sauti vya masikioni viwili vitatu na flashi. Filamu inahitaji projekta moja na Jumamosi moja jioni kwa mwezi, baada ya wasomaji kwenda nyumbani. Kinachokula pesa ni makosa ya ununuzi. Diski za zamani hazifai tena, kwani kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa kuziingiza. Filamu za kutazama moja kwa moja mtandaoni zinakula bando, na umeme ukipotea mambo yameisha. Na hili wengi hawalijui: kununua nakala ya filamu hakukupi haki ya kuionyesha hadharani. Haki hiyo hununuliwa kando, au huombwa kwa mwenye filamu. Habari njema ni kwamba watengenezaji wengi wa hapa wanapatikana, na wengine hutoa ruhusa kwa maonyesho ya mtaa wakiulizwa kwa heshima. Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa na Judy Kibinge, uko hapahapa Nairobi. Barua moja tu.

Halafu kuna lugha. Wewe na mimi tumekulia vibanda vya video, shilingi kumi mlangoni, na DJ Afro akisimulia filamu ya Wachina kwa Kiswahili cha mtaa hadi unasahau kwamba mhusika mkuu hajawahi kufika Nairobi. Watu wa maktaba hawapendi kusikia hivi, lakini kibanda kilielewa jambo ambalo maktaba haijaelewa: filamu ya Kiingereza yenye maandishi madogo chini haimfikii mama aliyeacha shule darasa la tano. Kwanini Jumamosi hiyo moja isiwe na kijana wa mtaa mwenye maikrofoni, akisimulia filamu ya mabadiliko ya tabianchi kwa lugha ambayo chumba kizima kinacheka na kuuliza maswali? Ni kazi, inalipika, na vijana wenye kipaji hicho wamejaa stegi ya 56.

Unaweza kufanya nini

Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, serikali ya kaunti inapaswa kuwa imepeleka makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti, na kabla ya kupitishwa lazima wananchi wasikilizwe. Mikutano hiyo hujaa wazee wanaodai barabara na mifereji, na wana haki. Ukienda, usiseme "tunataka maktaba". Hilo kila mtu anasema, na MCA anaitikia kwa kichwa. Sema kitu chenye bei: projekta moja, spika mbili, diski kuu mbili za kuhifadhia, malipo ya waimbaji 20 wa bembezi kutoka wadi hii, na haki za kuonyesha filamu sita kwa mwaka. Mtu akiuliza ni kwanini, una Kifungu cha 11 mfukoni.

Kisha mwulize mkutubi wa karibu nawe maswali mawili. Je, kuna sera ya kuchagua muziki na filamu? Na je, mkazi anaweza kupendekeza? Akisema hakuna, usimgombeze. Uwezekano ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Jitolee kukaa naye kuandika ukurasa wa kwanza: jina la mwimbaji, lugha, mahali, malipo. Kwa filamu: nani anaongea, takwimu imetoka wapi, haki imelipwa, lugha itaeleweka?

Na ule wimbo wa shosho uliourekodi usiku, usiupakie bado TikTok. Mpigie tena, umwambie unataka kuuhifadhi, umwulize kama anakubali na jina lake liandikwe vipi. Muulize pia alifundishwa na nani. Andika majibu hayo kwenye karatasi, tarehe juu, uyaweke pamoja na sauti hiyo kwenye flashi. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho maktaba ya mtaa wako itakihitaji siku itakapofungua rafu hiyo, na hakuna mfadhili anayeweza kukileta kutoka nje.